Mama alipochimba mchanga wa mto wa Kansas

Wengi wetu tuishio mjini tukisikia jina la Marekani, picha inayotujia ni ya majumba marefu, magari yasiyohesabika na watu wanaokimbilia kazini na kikombe cha kahawa mkononi. Hakuna anayefikiria vumbi. Hakuna anayefikiria mto mkavu, au mkulima anayelitazama wingu lisilo na nia ya kunyesha, au kijiji ambacho watoto wake wote wamehamia kwingine. Lakini nchi hiyo ipo, msomaji mpendwa, tena ni kubwa kuliko Kenya, na mwishoni mwa Juni mwaka jana tuliikata kwa gari kutoka asubuhi hadi jioni tukiwa na mama yetu, mkulima wa Makueni mwenye umri wa miaka 76.

Kaka yangu anaishi Wichita, katika jimbo la Kansas, mahali ambapo Wakenya si haba. Alikuwa amepata likizo ya wiki moja ili ampeleke mama kuona milima ya Colorado, na badala ya kukata tikiti za ndege akakodi gari-nyumba, lile ambalo wenyewe huliita kwa herufi mbili tu, RV. Kwa asiyelijua, afikirie lori dogo lililobebeshwa nyumba mgongoni: jiko la gesi, friji, meza, vitanda vitatu (kimoja kiko juu ya kichwa cha dereva), choo, na bafu ambalo mtu mnene hawezi kugeuka ndani yake. Linakunywa petroli kama ngamia aliyefika kisimani. Lita moja ilitupeleka kilomita nne hivi.

Hayo yote mama aliyatazama bila kusema mengi. Kilichomshika ni tangi. Maji safi ya gari hilo hukaa katika tangi la lita 150, na yakishatumika huingia katika matangi mengine mawili, moja la maji ya sabuni na jingine la choo, ambayo humwagwa katika vituo maalum. Ukutani kuna taa ndogo nne za kuonyesha kiasi kilichobaki. "Lita 150 ni mitungi saba na nusu," mama alisema papo hapo, kwa hesabu ya ule mtungi wa lita 20 ambao ameubeba mgongoni maisha yake yote. Tulikuwa watu sita. Wifi yangu alikuwa ameambiwa na waliotukodishia kwamba familia kama yetu humaliza tangi kwa siku moja, basi tujaze kila tukipata bomba.

Kuanzia hapo tangi likawa chini ya serikali ya mama. Vyombo vilioshwa kwenye karai, nyuso zilioshwa kwa kikombe, na watoto wa kaka yangu, waliozoea kusimama chini ya bafu mpaka nyimbo mbili ziishe, walipimiwa maji ya kuoga kwa sufuria. Walilalamika kwa Kiingereza, na nyanya yao akawajibu kwa Kikamba. Hakuna aliyehitaji mkalimani.

Hapa sina budi kueleza jambo lililokuwa limekaa kati yetu safari nzima kama abiria wa saba. Kwa miezi kadhaa kaka yangu alikuwa akitaka kuchimba kisima kirefu katika shamba la nyumbani, kisima cha mashine cha kwenda chini mita 180 au zaidi, chenye pampu ya jua, ili ekari nne zigeuzwe kuwa za tikitimaji na nyanya. Zaidi ya shilingi milioni mbili alikuwa ameziweka kando. Mama hakuwa amekataa na hakuwa amekubali. Kila alipoulizwa kwa simu aliuliza habari za wajukuu. Ninyi mnaowajua wazee wetu mnafahamu jibu la namna hiyo lina maana gani.

Tulilala usiku wa kwanza Dodge City na kuondoka saa mbili asubuhi tukielekea magharibi kwa barabara nambari 50, ambayo huandamana na reli na mto Arkansas kwa mwendo mrefu. Mji huo umekaa kwenye mstari wa longitudo ya 100, na mstari huo si wa ramani tu. Mwaka wa 1878, mpelelezi mmoja wa ardhi kwa jina John Wesley Powell aliiandikia serikali yake kwamba kuanzia hapo kwenda magharibi mvua haifiki inchi 20 kwa mwaka, yaani milimita 500, na kwamba mtu asitegemee kulima huko bila kunyweshea mimea maji. Hakusikilizwa sana. Serikali ilikuwa imeshaahidi tangu 1862 kumpa kila mtu atakayehamia na kulima ekari 160, na watu walikuja kwa magari ya farasi wakiwa na mbegu na Biblia.

Ndiyo sababu nchi ile imechorwa kama daftari la hesabu. Barabara za udongo hukutana kila maili moja kwa pembe ya mraba. Huoni kilima, huoni kichaka, na mji unaufahamu ukiwa bado mbali kwa ghala lake la nafaka, jengo jeupe la saruji refu kama nyumba za Nairobi, lililosimama kando ya reli. Ukilifikia unakuta barabara moja, kanisa, kituo cha petroli na maduka ambayo nusu yake yamepigiliwa mbao madirishani.

Ulikuwa wakati wa kuvuna ngano. Kombaini zilikwenda tatu tatu katika mashamba ya rangi ya dhahabu, zikivuta mkia wa vumbi, na katika saa moja zilimaliza kazi ambayo kijiji kizima chetu kingeifanya kwa wiki. Nyingi si za wenye mashamba. Zipo kampuni za wavunaji wanaoanza kusini huko Texas mwezi wa Mei na kuifuata ngano inavyokomaa mpaka karibu na Kanada, wakilala katika nyumba za magurudumu kama yetu. Mama alipoona kundi la nyumba hizo pembeni mwa shamba, nguo zikiwa zimeanikwa kwenye kamba, alifurahi kidogo. Ilikuwa dalili yake ya kwanza ya binadamu tangu asubuhi.

"Watu wako wapi?" Swali hilo aliliuliza mara nyingi siku ile nikaacha kuhesabu. Niliangalia baadaye. Wilaya moja tuliyoipita, Hamilton, ina ukubwa wa theluthi moja hivi ya Makueni. Makueni ilikuwa na watu karibu milioni moja katika sensa ya 2019. Hamilton ilihesabiwa 2020 ikakutwa na watu wasiofika 2,600.

Katikati ya ile miraba mikavu huonekana ghafla duara la kijani kibichi, na jingine, na jingine. Anayesafiri kwa ndege huyaona kama sarafu zilizomwagwa mezani. Ni mahindi na majani ya ng'ombe, na kinachoyafanya kuwa duara ni bomba refu la chuma lililowekwa juu ya magurudumu, urefu wa mita 400 hivi, linalozunguka kisima polepole kama mkono wa saa huku likinyunyiza maji. Aliyelibuni ni mkulima wa Colorado, Frank Zybach, aliyepewa hakimiliki yake 1952. Kaka yangu alipunguza mwendo ili mama aone vizuri. Nafikiri hiyo ndiyo sababu halisi aliyochagua barabara ile. "Maji ya kisima, mama," alisema. "Juu hakuna mvua, lakini tazama."

Mama alitazama. Halafu akasema, "Simama pale mbele. Ule ni mtama."

Na kweli ulikuwa mtama, shamba lisilo na bomba wala duara, mimea ikiwa haijafika magotini. Mimi ningeapa kwamba ni mahindi. Kansas huongoza majimbo yote ya Marekani kwa kilimo cha mtama, zao lililotoka huku kwetu Afrika, kwa sababu huvumilia kiu pale mahindi yanapokata tamaa. Sisi tuliuacha tukakimbilia mahindi, na kila mwaka wa tatu tunaomba chakula cha msaada. Wao hawauli, huwalisha mifugo na kutengenezea mafuta ya magari. Mama alisimama kwenye ukingo wa shamba, upepo ukimvuta leso, akasema tu kwamba wamepanda kwa nafasi nzuri.

Kabla hujafika Garden City, pua hukueleza. Mazizi ya kunenepesha ng'ombe yamejipanga kando ya barabara, kila moja na maelfu ya wanyama waliosimama juu ya samadi katika jua la nyuzi 38 bila mti. Hapo ndipo nilipoielewa nchi ile: maji ya chini hukuza mahindi, mahindi huingia kwa ng'ombe, ng'ombe huingia katika viwanda vya nyama vya Dodge City na Holcomb, na viwanda huhitaji mikono. Mikono hiyo hutoka Mexico, Guatemala, Burma na Somalia.

Hatukukosa kuiona. Katika duka dogo tulikoingia kutafuta majani ya chai, mwanamke mwenye buibui alisikia tukizungumza akageuka. "Karibu mama! Umetoka nyumbani?" Alilelewa Dadaab, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha watoto wa kaka yangu mara kumi. Alikuwa amekata nyama kiwandani miaka tisa, na vidole vya mkono wake wa kulia havikunjuki vizuri tena. Alituletea chai ya maziwa yenye iliki, na kaka yangu alipotoa pesa alimsukuma mkono. "Chai ya mama haiuzwi." Ni Wasomali wa mji huo ambao wanaume watatu walipanga kuwalipua katika nyumba zao za kupanga mwaka wa 2016. Polisi waliwawahi, na mahakama ikawafunga miaka kati ya 25 na 30. Niliuliza kama haogopi. Akasema alikotoka ni mbali zaidi ya hapo, akamwongezea mama chai.

Kutoka dukani tulivuka daraja la mto Arkansas. Mtoto mdogo wa kaka yangu ndiye aliyesema, "Mto uko wapi?" Ulikuwa chini yetu. Mchanga mweupe, mpana, wenye alama za magurudumu ya pikipiki za vijana wanaochezea humo.

Mama alisema anataka kushuka. Tukaegesha lile jumba letu kivulini na kumshika mkono mpaka chini. Sasa, msomaji ambaye hukuzaliwa Ukambani, elewa kwamba mto mkavu kwetu si mto uliokufa. Ni ghala. Mvua zikiisha maji hujificha mchangani, na kina mama huchimba kwa kibuyu au bakuli, urefu wa mkono, mara nyingine urefu wa mtu, mpaka mchanga uanze kulia. Mama alitembea hadi upande wa nje wa kona, mahali maji hupenda kubaki, akapiga magoti na kuanza kuchota mchanga kwa viganja. Watoto walifurahi wakamsaidia. Walifika kiwikoni. Walifika begani. Mama alichukua mchanga wa chini kabisa, akaufinya na kufungua kiganja, nao ukapeperuka.

"Hata unyevu hakuna," alisema. "Nani aliyachukua?"

Kaka yangu alijua jibu, na lazima niseme kwa heshima yake kwamba hakulificha. Mto ule huteremka kutoka kwenye theluji ya Colorado. Tangu miaka ya 1880 wakulima wa Colorado na wa Kansas wameukata kwa mifereji. Majimbo hayo mawili yameshtakiana mpaka mahakama kuu kabisa ya nchi. Kesi moja iliamuliwa 1907, na nyingine ilianza 1985 na kuifanya Colorado iilipe Kansas zaidi ya dola milioni 34 mwaka wa 2005. Lakini hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni vile visima. Chini ya nchi ile kuna hazina ya maji iitwayo Ogallala, iliyotandaa chini ya majimbo manane kutoka South Dakota hadi Texas, eneo linalozidi robo tatu ya Kenya. Ni maji ya kale. Mvua huyarudishia chini ya inchi moja kwa mwaka, na pampu huyatoa mara nyingi zaidi ya hapo. Katika sehemu kadhaa za kusini magharibi mwa Kansas yameshuka kwa zaidi ya mita 30 tangu miaka ya 1950, na yaliposhuka, mto uliokuwa ukishikiliwa na maji hayo kutoka chini ulianguka nayo.

Mama alijipangusa mchanga mikononi. Hakusema neno mpaka Lakin.

Lakin tulisimama kununua petroli, na mzee mmoja wa kofia, mkulima, alikuja kulisifia gari letu. Alipojua mama ni mkulima alimwamkia kwa kuinua kofia, kisha akauliza swali ambalo nafikiri wakulima wa nchi kavu huulizana dunia nzima: mvua kwenu ni inchi ngapi? Nikawa mkalimani. Yeye ana ekari elfu kadhaa na mwanawe mmoja aliyekubali kubaki. Kisima cha babu yake kilikuwa cha futi 60. Chake cha mwisho kilikwenda futi 300, kikaanza kutoa hewa na mchanga, na miaka minne iliyopita alilizima bomba la duara na kurudia kilimo cha kungoja mvua: ngano mwaka mmoja, mtama mwingine, kisha shamba likae bure mwaka mzima likusanye unyevu. Mabua hayaondoi. Huyaacha yazuie upepo.

"Mwulize kwa nini hawakukubaliana wachote kidogo kidogo," mama alisema.

Mzee alicheka bila furaha. Alisema jirani alipokuwa akipampu usiku, nawe ukiacha, ulikuwa unamwachia yeye. Akaongeza kwamba wapo waliojaribu, kaskazini huko. Nimethibitisha: wakulima wa sehemu ya wilaya ya Sheridan walijifunga wenyewe kuanzia 2013 kupunguza maji kwa asilimia 20, na hawakufilisika. Kisha mzee alinyosha kidole kwenye miti mitano iliyosimama peke yake shambani. Kila ukiona miti namna ile, alisema, palikuwa na nyumba, na watoto waliokwenda shule kwa miguu. Waliagana kwa kushikana mikono yote miwili, mama akimwombea mvua kwa Kikamba.

Baada ya Lakin saa hurudi nyuma kwa saa moja, kwa kuwa huko ndiko majira ya milimani yanakoanzia. Tulikuwa na saa ya bure, basi kaka yangu akawaeleza watoto juu ya dhoruba za vumbi. Bei ya ngano ilipopanda wakati wa vita vya kwanza vya dunia, nyasi za asili zililimwa zote. Ukame wa miaka ya 1930 ulipofika udongo ulipaa, na tarehe 14 Aprili 1935 wingu jeusi lilifunika nchi ile hata mtu hakuona kiganja chake mchana. Watoto walisikiliza kama sinema. Mama naye akaanza ya kwake. Wakoloni wa Kenya walisoma habari za vumbi hilo, wakaingiwa na hofu kwamba Ukambani ingekuwa jangwa, na mwaka wa 1938 wakaanza kuwanyang'anya watu ng'ombe na kuwauza kwa bei ya kutupa. Babu yetu alikuwa kijana. Alikuwa miongoni mwa maelfu waliofuatana na Muindi Mbingu hadi Nairobi, wakakaa huko kwa majuma wakidai kusikilizwa na Gavana. Muindi alipelekwa kizuizini Lamu, lakini ng'ombe waliacha kukamatwa. "Vumbi la hapa," mama aliwaambia wajukuu, "ndilo lililotaka kula ng'ombe wa babu yangu nyinyi." Aliteleza ulimi, alimaanisha babu yenu mkuu, na watoto wakacheka mpaka Coolidge.

Tulivuka mpaka wa Colorado, tukapita Holly na Lamar, na jua likiwa chini tukaegesha katika kambi iliyo kando ya bwawa la John Martin, ambako sehemu ya maji ya ule mto hufungiwa. Mama aliosha vyombo kwenye karai, kisha kabla hatujamzuia akayamwaga maji ya sabuni kwenye shina la mti uliokuwa umekauka nusu. Kaka yangu alisema ni kosa, kuna faini. "Basi mti ulipe," mama alijibu. Taa za ukutani zilionyesha tangi liko nusu.

Watoto walipolala, mama alilitaja mwenyewe lile jambo.

"Kisima chako kitachota kutoka wapi?"

"Chini ya shamba letu, mama."

"Na chini ya shamba la nani mwingine?"

Kaka yangu alinyamaza. Kisha akaeleza kwamba sheria ipo, kwamba kibali hutolewa, kwamba mtaalamu hupima kwanza. Mama alisikiliza yote. Akasema wapime, na wapime pia kisima cha shule na cha kanisa, wamwambie vimeshuka au la. Kisha akamkumbusha juu ya bwawa la mchanga la kikundi chao cha mwethya, lililobomolewa ukingo na mafuriko ya 2023. Mawe yapo, mikono ipo, saruji hakuna. Likikarabatiwa hushika maji hadi Septemba, na nyumba zaidi ya thelathini huchota.

"Bwawa halinyweshi ekari nne za tikiti," kaka yangu alisema.

"Nani alikuambia nataka ekari nne za tikiti?"

Alipanda kitandani, akageukia ukuta. Upepo ulikuwa ukilitikisa gari kama mtu anayebisha hodi. Kaka yangu alitoa risiti ya petroli mfukoni, akaigeuza nyuma na kuichora mstari katikati. Upande mmoja aliandika mita, pampu, paneli za jua. Upande wa pili aliniuliza mfuko wa saruji Wote sasa ni shilingi ngapi. Nilimwambia. Alijaza pande zote mbili kwa mwandiko mdogo, na alipozima taa alikuwa bado hajajumlisha.